Mhariri, tupe japo kakona ka vitabu vipya

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, leo sina malalamiko ya maji wala ya barabara, nina ombi moja tu. Kila siku mnatupa kurasa na kurasa za mpira mpaka usajili wa timu za Ulaya tunaujua kuliko makocha wao, na mimi nasoma sikatai, Simba na Yanga ndo kwanza nafungua. Lakini hivi kweli mnashindwa kutenga hata robo ukurasa kwa wiki mtuambie vimetoka vitabu gani vipya vinavyoeleza maisha yetu? Sisemi riwaya, riwaya angalau siku hizi zina Tuzo ya Mwalimu Nyerere na washindi wake mnawaandika. Nasema vile vya wasomi wa historia, sosholojia, uchumi na siasa, ambavyo mtu akisikia tu vimetoka chuo kikuu anajua ni vya kufanyia mtihani, anapita zake.

Chukua daladala. Ajali ikitokea habari yenu inajulikana hata kabla haijaandikwa: dereva alikuwa mwendo kasi, kamanda katoa onyo, madereva wameaswa kuacha uzembe, basi imeisha. Sasa msomi Matteo Rizzo kwenye kitabu chake Taken for a Ride (cha 2017, najua sio kipya kihivyo, ila kilivyopita kimyakimya huku kwetu kwa wengi kitakuwa kipya) anaanzia pale mnapoishia nyie. Anauliza huyu dereva anakimbilia nini, na jibu kila mtu wa stendi analijua: anakimbilia hesabu. Tajiri anataka hela yake jioni, kiasi kilekile abiria wawepo wasiwepo, mafuta juu ya dereva, faini ya trafiki juu ya dereva, kinachobaki ndo anagawana na konda wake, mkataba hakuna na kesho gari linaweza kupewa mwingine. Sasa mtu kama huyo onyo la kamanda linamsaidia nini jamani? Na kuna jambo mimi nilikuwa silijui kabisa, kwamba madereva na makonda wa Dar waliwahi kuunda chama chao, UWAMADAR, wakaungana na chama cha wafanyakazi wa mawasiliano na uchukuzi kudai mikataba ya kazi kwa matajiri. Hawahawa tunaowaita wahuni. Hiyo ni habari, Mhariri, tena ya ukurasa wa mbele.

Halafu kuna umeme. Michael Degani ametoa The City Electric mwaka 2022, chote ni Dar, mgao, jenereta, mita, na wale vishoka, mafundi wa umeme wasio rasmi, wanaozungukazunguka karibu na ofisi za umeme wakikuona tu umeshika fomu wanakuuliza bosi vipi, unataka kuunganishwa? Kwenye magazeti kishoka ni mhalifu na habari imefungwa. Degani amekaa nao, anaonyesha kwamba wengine wanajuana vizuri tu na walio ndani, na mteja naye ana mahesabu yake kwa nini anamfuata kishoka badala ya kwenda dirishani. Na hapohapo anaunganisha na mambo ya juu, kashfa za mikataba ya kampuni za umeme kama IPTL na ile Richmond iliyosababisha waziri mkuu ajiuzulu Februari 2008, kwa hiyo unaona jinsi mkataba uliosainiwa ofisini unavyokuja kutua kwenye mita yako sebuleni. Sitadanganya, lugha yake nzito, watu wa anthropolojia wana maneno yao na kuna kurasa unaweza kuruka usikose kitu.

Cha karibuni zaidi ni cha Kevin Donovan, Money, Value, and the State, cha 2024, hiki ni cha Kenya, Uganda na sisi. Vijana wengi hawajui kwamba zamani nchi zote tatu zilitumia shilingi moja, mpaka 1966 kila mmoja akafungua benki kuu yake. Toka hapo pesa ikawa na uraia, kuvuka nayo mpaka kosa, kuvuka na kahawa kosa. Baridi kali ilipoua mibuni Brazil 1975 bei ya kahawa duniani ikapaa, wakulima wa Uganda enzi za Amin wakawa wanalipwa shilingi isiyonunua kitu, basi magunia yakaanza kushuka Kenya kupitia Chepkube, pale mpakani, magendo hayo, wazee wa upande wa Bungoma wanayakumbuka vizuri. Serikali iliita wizi, mkulima akaona anauza jasho lake mahali linapolipwa, na mwandishi hana haraka ya kukuambia nani yuko sahihi. Mimi tangu nikisome nikiona habari yenu ya watu waliokamatwa na magunia mpakani najiuliza bei ya ng'ambo ni shilingi ngapi, maana nyie hamuandikagi.

Wasifu wa Nyerere wa juzuu tatu, Development as Rebellion, wa Saida Yahya-Othman, Ng'wanza Kamata na Issa Shivji, Mkuki na Nyota waliuchapa hapahapa Dar 2020, huo mliuandika kidogo ulipozinduliwa mkaacha. Asiyeweza zote tatu asome ya tatu, ya Shivji, hapo ndo Mwalimu anapambana na matokeo ya maamuzi yake mwenyewe.

Ninachokiomba wala sio kikubwa. Mtafuteni mhadhiri mmoja, mwambieni aandike kwa Kiswahili cha kawaida, asituwekee nadharia, aseme tu kitabu kinasema nini na kinapatikana wapi. Maana hivi vyote vimeandikwa kwa Kiingereza na vya nje bei yake haishikiki, wakati waliohojiwa ni makonda na mafundi wetu tena waliongea Kiswahili.

Kama hamjui pa kuanzia, anzeni na cha George Roberts, Revolutionary State-Making in Dar es Salaam, cha 2021, kipo bure kwenye tovuti ya Cambridge, bando tu. Kuna sura nzima ya magazeti, jinsi gazeti la The Standard lilivyotaifishwa Februari 1970 akawekwa mhariri Frene Ginwala wa Afrika Kusini, yule aliyekuja kuwa Spika kwao 1994, na mwaka uliofuata akaondolewa kwa sababu ya tahariri iliyomsema Nimeiri, rais wa Sudan wakati huo. Hiyo hata wewe Mhariri utaisoma usiku mmoja.

Msomaji wako wa siku zote,
Morogoro