Rehema, msiinunue hiyo waranti

Buruburu, Nairobi
14 Juni 2025

Mpendwa Dada Rehema,

Pokea salamu nyingi wewe, Shemeji Karisa na watoto. Sisi huku hatujambo. Nimezipata picha za mkataba mliopewa pale yadini pamoja na swali lako kama mnunue hiyo Nissan X-Trail iliyotumika na waranti yake ya ziada, yaani ahadi ya kulipiwa matengenezo gari likiharibika, nami nimeusoma mkataba wote, hata yale maandishi madogo ya ukurasa wa nyuma, kwa kuwa najua fedha hizo mmezikusanya kwa jasho na kwamba gari hilo ndilo litakalowatoa Kitengela alfajiri na kuwarudisha usiku. Jibu langu ni kwamba gari mnaweza kulinunua likipimwa na kuonekana zima, lakini waranti hiyo ya shilingi 78,000 msiinunue. Niruhusu nieleze kwa urefu, maana muuzaji atawajia na maneno matamu na ningependa muwe na la kumjibu.

Nianze na hesabu, kwa sababu ndiyo iliyonishtua zaidi. Mkataba unasema kwamba mtalipa shilingi 78,000 kwa mwaka mmoja. Kwamba katika siku 30 za mwanzo hamtaruhusiwa kudai chochote. Kwamba katika kila dai mtajitolea wenyewe shilingi 10,000 za kwanza. Na kwamba kampuni haitalipa zaidi ya shilingi 60,000 kwa dai moja, wala zaidi ya 150,000 kwa mwaka mzima. Sasa tazama. Gari likiharibika mara moja, hata uharibifu uwe mkubwa namna gani, kampuni itatoa 60,000 ilhali ninyi mmekwisha kuipa 78,000, kwa hiyo mtakuwa mmepoteza shilingi 18,000 katika siku ile ile ambayo waranti ilikusudiwa kuwaokoa. Ili mpate faida, ni lazima gari liharibike vibaya mara mbili ndani ya miezi 11 iliyobaki, na hapo faida yenu haiwezi kuzidi 42,000. Likiharibika mara tatu, kile kikomo cha 150,000 kinawaachia faida ya 72,000, na hapo ndipo mwisho. Gari linaloharibika vibaya mara tatu katika miezi 11 halikustahili kununuliwa tangu mwanzo, na hakuna karatasi itakayoligeuza kuwa zima.

Miaka niliyofanya kazi katika idara ya madai ya bima ilinizoesha kuuliza swali moja juu ya kila mkataba unaowekwa mbele yangu: je, unabeba hasara ambayo mteja hawezi kuibeba mwenyewe? Mtu hukata bima ya moto kwa sababu nyumba ikiungua hana namna ya kuijenga upya kwa mshahara. Hakati bima ya sahani. Mkataba mliopewa unafanya kinyume kabisa: uko tayari kuchangia matengenezo ya kadiri, ambayo mngeyamudu kwa kujibana miezi miwili, kisha unajitoa pale gharama inapokuwa ya kutisha, kwa sababu kila kinachozidi kikomo cha 60,000 kinawarudia ninyi.

Hilo linanipeleka kwenye giaboksi, kwa kuwa wewe mwenyewe umeandika kwamba ndiyo inayokunyima usingizi. Hofu yako ina msingi. X-Trail hiyo ya mwaka 2012 yenye injini ya petroli ya lita 2.0 ina giaboksi ya CVT, ambayo haina gia za kupokezana kama za gari la zamani. Ndani yake mna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya kapi mbili zinazobana na kuachia. Giaboksi ya namna hii inataka mafuta yake maalumu. Ikitiwa mafuta ya giaboksi ya otomatiki ya kawaida, au ikiachwa na mafuta ya zamani yaliyokwisha nguvu, mkanda huanza kuteleza na kuzitafuna kapi, na kutoka hapo safari ya kuharibika huwa fupi. Nissan wenyewe walilitambua tatizo la CVT zao za mwanzo: kwa magari ya miaka ya 2007 hadi 2010 yaliyouzwa Marekani, walirefusha dhamana ya giaboksi hizo kutoka miaka 5 au maili 60,000 hadi miaka 10 au maili 120,000, bila kumtoza mteja. Dhamana hiyo haiwahusu ninyi, si kwa mwaka wa gari wala kwa nchi lilikouzwa. Ninaitaja kwa sababu moja tu: mtengenezaji anapojua kwamba kifaa kina udhaifu, yule anayewauzia waranti naye anajua, na ndiyo maana amekiwekea kikomo.

Tena usisahau umri wa gari lenyewe. Muuzaji amewaambia kwamba limetoka Japani likiwa na kilomita chache, na huenda ni kweli, lakini hiyo ni habari ya zamani. Kanuni yetu ya KS 1515 hairuhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa limepita miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza, na kuanzia Januari 2020 yaliyokubaliwa yalikuwa ya 2013 na kuendelea. Kwa hiyo gari la 2012 lilipaswa kuwa limefika kabla ya mwaka 2019 kwisha, maana yake limekwisha kukaa kwenye barabara zetu zaidi ya miaka mitano. Karatasi ya mnada wa Japani, hata iwe na alama nzuri ya ukaguzi kama 4 au 4.5, haiwezi kuwaeleza lolote juu ya miaka hiyo. Waulizeni aliyelimiliki hapa nchini ni nani, alilitunza wapi, na risiti za kubadilisha mafuta ya giaboksi ziko wapi. Asiyekuwa na risiti hata moja amewajibu.

Umri huo huo ndio unaokipa nguvu kifungu cha saba cha mkataba, ambacho nakuomba ukisome tena taratibu na Shemeji. Kinaondoa vitu vyote vinavyochakaa kwa matumizi ya kawaida: pedi na diski za breki, shoksi, bushi, boljointi, mipira, mikanda, sili za mafuta, betri, sensa na matairi. Sasa jiulize ni nini huharibika katika gari la Nairobi lenye miaka 13. Mashimo, matuta yasiyo na rangi wala alama, na vumbi la njia za mitaani huanza kula bushi na shoksi kabla ya kitu kingine chochote; foleni ya Mombasa Road wakati wa jua kali huchosha redieta, mipira ya maji na feni. Fundi yeyote wa Kirinyaga Road atakwambia kwamba hivyo ndivyo vinavyomletea wateja kila siku, na karibu vyote vimeachwa nje. Kifungu kinachofuata kinaondoa pia kasoro yoyote iliyokuwapo kabla ya kusaini, na anayeamua kama ilikuwapo ni mkaguzi wa kampuni hiyo hiyo. Nimeziona barua za kukataa madai za kutosha kujua kwamba sentensi hiyo moja inatosha kulijibu karibu kila dai la gari kuukuu.

Umeniandikia kwamba kaka yako aliyeko Texas ana waranti kama hiyo na anaisifu. Sipingi kwamba imemfaa yeye, ila mazingira ni tofauti sana. Kule saa moja ya kazi ya fundi katika gereji nyingi hupita dola 100, kwa hiyo hata kubadilisha kifaa kidogo kunaweza kumaliza akiba ya mtu. Hapa kwetu kazi ya fundi ni sehemu ndogo ya gharama na spea ndiyo mzigo, tena spea hizo zapatikana mpya, za kuigiza na zilizokwisha kutumika, nawe ndiwe unayechagua kulingana na mfuko wako. Waranti inakunyang'anya uchaguzi huo, kwa sababu inakulazimisha kwenda kwenye gereji waliyoitaja wao, na kulifanyia gari sevisi huko kila kilomita 5,000 kwa bei yao, la sivyo mkataba unakufa.

Na hata huko Marekani biashara hii haina sifa njema. Jarida la Consumer Reports lilichapisha mwaka 2014 uchunguzi ulioonyesha kwamba asilimia 55 ya waliokuwa wamenunua waranti za ziada za magari hawakuwahi kuzitumia kwa matengenezo yoyote, na waliozitumia kwa kawaida waliokoa pungufu ya walicholipa. Kampuni ya US Fidelis ya Missouri, iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa mikataba hiyo, ilifilisika mwaka 2010 na kuwaacha wateja wakihangaika. Mwaka 2023 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ilitoza faini ya karibu dola milioni 300 kwa kundi lililopiga simu zaidi ya bilioni tano za kujiendesha, katika miezi mitatu ya 2021, kuwatangazia watu waranti za magari. Kitu chenye manufaa ya wazi kwa mnunuzi hakihitaji kusukumwa kwa namna hiyo.

Kufilisika huko ndiko kunakonifanya niulize nani hasa amesimama nyuma ya ahadi yenu. Katika mkataba wenu nimeona sanduku la posta na namba ya simu ya mkononi, sikuona jina la kampuni ya bima hata moja. Kama fedha za madai zimedhaminiwa na kampuni yenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, jina hilo lingeandikwa kwa herufi kubwa, na mngeweza kulihakikisha. Pia msidanganywe kwamba waranti hii ni nyongeza ya bima ya komprehensivu, ile kubwa ya ajali na wizi, mtakayokata. Ni kweli kwamba bima ya komprehensivu hailipi injini iliyochoka wala giaboksi iliyokufa yenyewe, ila pengo hilo halizibwi na karatasi isiyo na mdhamini.

Badala yake ningefanya hivi. Sehemu ndogo ya zile 78,000 itumieni kabla ya kununua, mlipeleke gari likakaguliwe na AA ya Kenya, chama cha wenye magari, au na fundi asiyejuana na yadi, aliunganishe na kompyuta, alipandishe mlima likiwa limepata moto, asikilize kama giaboksi inatetemeka au kuchelewa kushika, na atazame rangi na harufu ya mafuta yake. Yadi ikikataa gari lisitoke kwenda kukaguliwa, ondokeni. Mkilinunua, badilisheni mafuta ya giaboksi wiki ile ile, yale yanayotakiwa na si yanayofanana nayo. Fedha zitakazobaki ziwekeni kando kwa ajili ya gari peke yake, na kila mwezi ongezeni kidogo. Msiziweke katika amana za sacco, kwa sababu hizo hazitoki mpaka mwanachama ajiuzulu na notisi yake iishe. Akaunti ya FOSA, ile ya sacco ya kuweka na kutoa fedha, au mfuko wa soko la fedha unafaa zaidi, maana giaboksi haitawapa notisi ya miezi miwili. Mwaka ukipita salama, fedha bado ni zenu.

Ningebadili mawazo katika hali mbili. Ya kwanza ni yadi yenyewe kuwapa bure dhamana ya miezi mitatu ya injini na giaboksi, iliyoandikwa na kupigwa muhuri ndani ya mkataba wa mauzo. Hiyo ipokeeni, na mjaribu kuidai hata kabla haijatajwa. Ya pili ni waranti iliyodhaminiwa na bima yenye leseni, ambayo kikomo chake kwa dai moja kinafikia bei ya giaboksi nzima pamoja na kazi. Ya namna hiyo ningeifikiria hata kama bei yake ingekuwa juu kidogo. Hii mliyopewa siifikirii.

Jambo moja zaidi, kwa sababu muuzaji amekwambia kwamba bila waranti hamna haki yoyote. Hilo si kweli. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa ameahidi ubora huo hata kama hakuutamka. Gari la miaka 13 halitapimwa kama jipya, lakini muuzaji aliyeficha injini iliyopasuka anaweza kufikishwa mbele ya Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na kutakiwa kuyaamua ndani ya siku 60. Kwa hiyo tunzeni tangazo la gari, jumbe za simu na kila ahadi aliyowaandikia.

Nimekwisha kuzungumza na fundi ninayemwamini hapa Industrial Area, naye yuko tayari kufika yadini Jumamosi asubuhi mkinijulisha kufikia Alhamisi. Nitakuja naye. Mkataba wa mauzo, si huu wa waranti, nitumie mapema ili niusome kabla hamjatia sahihi, hasa ukiona mahali palipoandikwa kwamba gari linauzwa jinsi lilivyo.

Nisalimie Shemeji na watoto.

Ni mimi ndugu yako,
Juma