Kwako mdogo wangu unayekwenda Guangzhou, China

Mdogo wangu, mama mdogo kaniambia viza imetoka na tiketi ushakata. Nilifurahi kwelikweli, alafu usiku sikulala. Kuna kitu nimewaficha nyumbani miaka yote hii na nakiandika hapa wazi badala ya kukupigia, maana nikikupigia ntacheka cheka na kubadilisha mada, najijua. Alafu wapo wenzio wengi hapa Kariakoo wanajiandaa na safari hiyohiyo ya kufuata mzigo, na wao wasome.

Unakumbuka safari yangu ya kwanza, nilivyorudi na begi moja, ukaniuliza dada mzigo uko wapi nikakwambia unakuja na meli? Hakukuwa na meli. Nilipigwa hela. Na aliyenipiga hakuwa Mchina.

Ilikuwa Xiaobei, utapaona tu, ndo mtaa Waafrika wengi wanapofikia, kuna migahawa ya nyama halali, wasusi, Wakongo, watu wa Mali, Wanaijeria, kelele kama Msimbazi. Siku ya pili yangu pale, nimechoka, hata maji ya kunywa naagiza kwa kuonyesha kidole, nikasikia mtu nyuma yangu, "Dada vipi, Bongo umetoka lini?" We acha tu. Ukikaa siku mbili husikii lugha yako alafu mtu akutamkie hivo, moyo unayeyuka wenyewe. Kijana msafi, mpole, anaijua Magomeni mpaka vichochoro. Akanipeleka kula, akalipa yeye. Kesho yake akanizungusha sokoni kutwa nzima, ananipunguzia bei, hataki hata nauli. Siku ya tatu ndo akasema, dada benki watakusumbua na foleni na mapaspoti, mi nina Mchina wangu ana reti nzuri. Nikampa dola 800. Akaniambia nisubiri chini, eti Mchina hapendi wageni, akaingia kwenye jengo. Kumbe jengo lina mlango wa pili upande wa nyuma. Nilisimama pale mpaka taa za barabarani zikawaka, na unajua kilichoniuma zaidi? Saa nzima ya kwanza nilikuwa namwonea huruma yeye, nawaza labda kapatwa na tatizo huko juu.

Polisi sikwenda. Ningewaambia nini, wakati kubadilisha hela mtaani lenyewe ni kosa? Tapeli analijua hilo kabla yako, ndo maana anakupitisha njia ambayo huwezi kwenda kumshtaki. Kwa hiyo hela badilisha benki, foleni ukae, paspoti utoe, karatasi wakupe.

Sisemi uwakimbie Waswahili. Wapo walionisaidia mpaka leo ni ndugu zangu, kuna dada mmoja wa Mombasa alinilisha siku nne baada ya lile balaa na hajawahi kunidai. Ila huyo dada hakuwahi kuniomba nimshikishe kitu. Salimianeni, kuleni, chekeni, lakini hela na paspoti visitoke mkononi mwako.

Na begi pia. Hapa sitaki utani kabisa. Mtu akikwambia nibebee kamzigo kadogo, ni dawa za mama, ni viatu vya mtoto, iwe unakwenda au unarudi, iwe ni mtu wa kanisani au msikitini kwenu, kataa. Akikasirika akasirike. Sheria ya China ukikutwa na heroini gramu 50 unaanzia kifungo cha miaka 15, kuna maisha, na kuna hukumu ya kifo. Gramu 50 mdogo wangu, robo ya robo kilo haifiki! Wapo Watanzania waliofungwa Hong Kong kwa mambo haya, wengine waliandika barua toka gerezani kuwaonya wa nyumbani. Begi lako funga mwenyewe, lala nalo.

Taksi sasa. Ukitoka uwanja wa ndege wa Baiyun utafuatwa na watu wanaokunong'oneza taksi, taksi, wapite, nenda kwenye foleni rasmi, na hakikisha mita imewashwa. Kuna mchezo wa noti pale, unampa dereva noti ya yuani 100 nzima, ndo hela ya kule, anaigeuza geuza, anakurudishia anasema hii feki nipe nyingine, kumbe yako kaificha na aliyokurudishia ndo feki. Mi nililipa mara mbili kabla sijashtuka, nilidhani ni bahati mbaya yangu tu. Siku hizi kabla sijatoa noti nasoma tarakimu za mwisho za namba yake kwa sauti huku namwangalia usoni. Ukitaka kuijua ya kweli papasa kola ya koti la Mao, yule kiongozi wao wa zamani aliye kwenye picha ya noti, ina mkwaruzo. Ila Wachina wenyewe noti hawashiki tena, wanalipa kwa simu, Alipay na WeChat, na zote unaweza kuunganisha na kadi yako ya Visa, fanya hivo ukiwa bado Dar. Risiti ya taksi chukua kila safari, ina namba ya gari, ukisahau begi utaikumbuka barua hii.

Ukifikia hoteli wao wanakuandikisha polisi. Ila ukienda kukaa gheto kwa mtu ili kubana matumizi, inabidi mkaandikishe ndani ya masaa 24, na mwenyeji akikwambia "hapa hamna shida" ujue faini unaweza kupigwa wewe mgeni. Na siku za viza zihesabu. Ukizidisha ni yuani 500 kila siku mpaka 10,000, au wanakuweka ndani.

Kiwandani watataka advansi, asilimia 30 ndo kawaida. Lipa kwenye akaunti yenye jina la kampuni, wakikupa ya mtu binafsi eti ya shemeji wa bosi, ondoka. Sampo uliyoipenda baki nayo, isainiwe, ulinganishe na mzigo kabla hujamalizia ile 70. Pale Baima, soko la nguo, begi livae kifuani, ile stesheni ya treni ya karibu wezi wa mfukoni hawajaanza jana.

Na likikukuta, maana linaweza kukukuta hata na ujanja wote huu, nipigie usiku huohuo. Whatsapp kwa laini ya kule haishiki, washa roming ya laini ya huku itakubali. Polisi wao ni 110, na ubalozi wetu mdogo upo hapohapo Guangzhou. Mi nilikaa kimya kwa aibu, nikamdanganya mama, nikakudanganya na wewe, nikakopa kikoba kufidia na nikalipa mwaka mzima huku watu wananiita mama China.

Mama mdogo mi ntaongea naye mwenyewe leo jioni, usimsomee hii. Na lile begi kubwa la bluu njoo ulichukue, lipo uvunguni, gurudumu moja linasumbua ila linafika.