Straika asiyepiga shuti

Swahiba Shabani,

Assalaam aleikum. Huku Tanga tu wazima. Mvua zimeanza na barabara ya mtaani kwetu imekuwa tope tupu, bodaboda wamepandisha nauli na hakuna wa kuwauliza. Mama anaendelea vizuri na miguu yake, anakusalimu, na anauliza lini utamtumia sato wa huko Mwanza.

Sasa tuje kwenye ugomvi wetu. Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, mpaka kicheko cha mwisho. Unasema Olivier Giroud, yule straika wa Ufaransa, alikuwa mlingoti tu, kwamba nyinyi watu wa Arsenal mliukosa ubingwa miaka yote ile kwa sababu yake, na kwamba ni aibu kwa Wafaransa kuona jina lake limekaa juu ya jina la Thierry Henry kwenye orodha ya wafungaji wa timu yao ya taifa. Nimeona nikujibu kwa maandishi, maana kwa mdomo hukawii kunikatisha.

Nianze na jambo moja unalolisahau. Wewe ulicheza winga, mimi nilicheza namba nne, beki wa kati. Mshambuliaji unamjua kwa ubavuni, mimi namjua kwa mgongoni. Straika mwenye mbio anakutesa mara mbili tatu kwenye mechi, basi, muda uliobaki unapumua. Anayekumaliza dakika zote tisini ni lile jibaba linalosimama mbele yako na kukupa mgongo. Mpira haujafika bado, ameshakuegemea. Mkono wake mmoja uko kifuani mwako na refa haoni, makalio yake yamekusogeza hatua nyuma, na huoni mpira unatokea wapi. Ukimzunguka kulia, ameshaugusa kushoto kwa mwenzake. Ukimvuta jezi ni faulo. Na hata asipogusa mpira, wewe na namba tano mmeganda naye wote wawili, huku kijana mwenye mbio anapita pembeni hana mtu. Kesho yake magazeti yanaandika jina la kijana.

Kazi ya Giroud ilikuwa hiyo. Ukitaka kumpima kwa shuti langoni utachemka, na mfano mzuri ni Kombe la Dunia la 2018 kule Urusi, ambalo wewe unalitumia kumcheka. Ni kweli kabisa: alicheza mechi zote saba, dakika zaidi ya 500, na hakupiga hata shuti moja lililolenga goli. Namba tisa wa mabingwa wa dunia! Mimi mwenyewe nilicheka niliposikia takwimu hiyo. Lakini rudi nyuma kidogo. Mechi ya kwanza na Australia, kocha Didier Deschamps alimweka benchi, akaanza na Griezmann, Mbappé na Dembélé, watoto wa mbio watupu. Timu ilikwama. Giroud akaingia kipindi cha pili, na zikiwa zimebaki dakika chache Pogba akagongeana naye pembezoni mwa boksi, shuti likambabatiza beki, mbili moja. Kuanzia hapo hakukaa benchi tena. Na Peru, shuti lake lilimgonga beki likampita kipa kwa juu, Mbappé akamalizia kwenye mstari. Na Argentina, lile bao la nne, pasi ya mwisho ni ya Giroud, mguso mmoja tu, na Mbappé akakimbia nayo. Griezmann aliondoka na mabao manne, Mbappé manne, Giroud sifuri, na kombe likaenda Paris. Deschamps si mjinga, Shabani.

Isitoshe huyu jamaa hakubebwa na mtu. Henry tulimjua akiwa kijana wa Monaco, Benzema alikuwa lulu ya Lyon tangu utotoni. Giroud amezaliwa Chambéry, kule milimani mwa Alps, mwaka 1986, akakulia karibu na Grenoble, na klabu hiyo hiyo ya nyumbani ikamwona hafai. Wakampeleka kwa mkopo Istres, daraja la tatu, akafunga. Wakamwachia aende Tours, daraja la pili, na msimu wa 2009-10 akapiga mabao 21. Umri wake ulikuwa miaka 23, umri ambao Mbappé alikuwa na medali ya Kombe la Dunia kabatini. Ndipo Montpellier wakamchukua.

Hapo Montpellier ndipo ninapopapenda zaidi, nikiri upendeleo wangu. Msimu wa 2011-12 Paris Saint-Germain walikuwa wameshaanza kumwaga fedha za Qatar. Rais wa Montpellier, marehemu Louis Nicollin, utajiri wake ulitokana na biashara ya kuzoa taka. Nani angeweka mkeka kwa timu ya mzoa taka? Giroud akafunga mabao 21, akalingana na Nenê wa PSG mwenyewe kileleni mwa wafungaji, na Montpellier wakachukua ubingwa wa kwanza wa ligi katika historia yao.

Kiangazi hicho hicho akaja kwenu Arsenal. Na hebu kumbuka alikuja wakati gani: straika wenu Robin van Persie ndiyo kwanza anafunga mizigo kwenda Manchester United. Nyinyi mlimtaka Van Persie mwingine, mkaletewa mtu wa aina tofauti, mkaanza kunung'unika kabla hajavaa jezi. Mwaka uliofuata kocha wenu Wenger akapeleka ile ofa ya pauni milioni 40 na pauni moja kumtaka Suárez, straika wa Liverpool, Giroud akiwa ndiyo kwanza amemaliza msimu mmoja. Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, gazeti linakuja na jina la straika mpya wa kumtoa. Na katika hali hiyo akafunga mabao 105 kwenye mechi 253.

Najua utaniletea Monaco. Sikatai. Februari 2015, pale Emirates, mlipigwa tatu moja na alikosa nafasi za wazi mpaka akatolewa. Ile mechi hata mama yake hawezi kumtetea. Na mbio hakuwa nazo, hilo halina mjadala. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Makombe yenu ya FA ya miaka ile mnayatajia nani? Mnamtajia Aaron Ramsey. Fainali ya 2014 na Hull City, mmetanguliwa mbili bila, mmerudisha, dakika ya 109 Ramsey anafunga la ushindi. Nani kampa? Giroud, kwa kisigino, akiwa amegeukia upande mwingine kabisa. Fainali ya 2017 na Chelsea, Giroud anatokea benchi, mguso wake wa kwanza ni krosi, Ramsey anapiga kichwa, kombe. Fainali mbili, mfungaji mmoja, mpikaji mmoja. Ramsey mnamwimba, mpikaji mnamwita mlingoti.

Lile bao la nge sitaki hata kulijadili, wewe mwenyewe ulilipigia kelele. Mwaka mpya wa 2017, na Crystal Palace. Watu husahau kwamba mpira ulianzia kwake mwenyewe, upande wenu wa uwanja, alipougonga kwa nyuma na kukimbia mbele. Krosi ya Alexis Sánchez ikaja nyuma yake. Mtu mwingine angeuacha upite. Yeye akajirusha mbele, akauinua mguu wa kushoto kwa nyuma juu ya kichwa, kisigino kikaukuta mpira, ukagonga mwamba na kuingia. FIFA wakampa tuzo ya Puskás, ile ya bao bora la mwaka. Mlingoti gani huo unaojikunja?

Mwaka mmoja baadaye mkamleta straika mwingine, Aubameyang, na siku hiyo hiyo Giroud akavuka mji kwenda Chelsea. Nilifikiri amekwenda kuzeekea huko. Msimu wa 2018-19 akawa kinara wa mabao wa Europa League, mabao 11, na fainali ya Baku ikawa dhidi ya nani, Shabani? Akafungua kwa kichwa cha kuchupa, akaangushwa mkapigiwa penalti, akampa Hazard pasi ya bao la nne. Nne moja. Ulizima simu siku mbili, nakumbuka. Mwaka uliofuata akiwa na miaka 34 akawapiga Sevilla mabao manne kwao: la kushoto, la kulia, la kichwa na la penalti. Tiktaka aliyoipiga na Atlético Madrid ikaamua mechi. Na fainali ya Ligi ya Mabingwa ilipofika, pale Porto, hakuingizwa hata dakika moja. Akavaa medali, akacheka, akaondoka zake Milan.

Milan jezi namba tisa ilikuwa na mkosi tangu Pippo Inzaghi aondoke 2012. Kila aliyeivaa alichemka. Giroud akaichukua. Watani wao Inter walikuwa wanaongoza bao moja mwezi Februari 2022, zikiwa zimebaki kama dakika kumi na tano, akafunga mawili ndani ya dakika tatu. Siku ya mwisho ya ligi akafunga mawili tena dhidi ya Sassuolo, na Milan wakatwaa ubingwa walioukosa tangu 2011. Mwaka 2023 kipa wao Maignan akala kadi nyekundu dakika za majeruhi kule Genoa, wachezaji wa kubadilisha wamekwisha, basi Giroud akavaa glavu, akatoka golini na kumkaba mtu miguuni. Wakashinda moja bila. Klabu ikauza jezi za kipa zenye jina lake.

Nimefika kwenye rekodi, ambayo ndiyo inayokuuma. Mwaka 2020 Benzema, akiwa hewani mtandaoni, alisema mtu hachanganyi gari la Formula One na gari dogo la kujifunzia mashindano, yaani yeye na Giroud. Maneno makali kwa mtu mliyevaa naye jezi moja. Mwaka uliofuata Benzema akarudishwa timu ya taifa, Giroud akarudi benchi. Kwenda Qatar 2022 mipango yote ilikuwa ya Benzema, akaumia siku chache kabla ya mechi ya kwanza. Wakamgeukia babu wa miaka 36. Mawili na Australia, akamfikia Henry kwenye 51. Moja na Poland, akampita. Robo fainali na Uingereza, dakika ya 78, krosi ya Griezmann, kichwa, mbili moja. Kisha fainali, wamelala mbili bila mbele ya Argentina, Deschamps akamtoa hata mapumziko hayajafika. Nilimwona anatembea kwenda benchi akiwa na hasira, na kama beki wa zamani nilimwelewa kocha: siku hiyo walihitaji mbio. Sijui kama Giroud alimwelewa.

Alipoiaga timu ya taifa baada ya Euro 2024 alikuwa na mabao 57 katika mechi 137, na hakuna mwanamume aliyekuwa ameifungia Ufaransa mabao zaidi. Unasema Henry alikuwa bora kuliko yeye. Nani amekataa? Ungenipa nichague mmoja wa kumtazama Jumamosi jioni, namchagua Henry bila kufikiri. Swali langu ni jingine: kama wewe ndiye unayemkaba, nani utaomba asipangwe? Kwa Henry utaomba Mungu na utamwachia nafasi nyuma. Kwa Giroud utatoka na mbavu zinauma, umefungwa na mtu mwingine, na kocha wako anakuuliza ulikuwa wapi.

Alipokwenda Marekani, klabu ya Los Angeles FC, hakung'ara sana, ingawa alifunga kwenye fainali ya kombe lao, US Open Cup, ya 2024. Mwaka uliofuata akarudi Ufaransa, klabu ya Lille, akiwa anakaribia miaka 39, wenzake wa rika lake wengi wameshatundika daluga na wanachambua mechi kwenye televisheni.

Fanya hivi, ukipata bando. Itafute ile fainali ya Hull City, dakika ya 109, na usimtazame Ramsey. Watazame mabeki wa Hull, macho yao yako wapi mpira unapopita. Halafu uniandikie.

Msalimie shemeji na watoto. Mwambie Zuhura ile kanga yake nimeipata, nitamtumia kwa basi la wiki ijayo. Na sato usisahau, mama hasahau.

Nduguyo,
Mbaruku