Mtoto alikuwa ananisalimia

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Mmakonde wa Newala, na kituo changu cha kwanza kilikuwa Simanjiro. Wiki ya kwanza tu nilimtoa nje mtoto wa darasa la kwanza kwa utovu wa adabu. Alikuja hadi mezani kwangu, shikamoo hakuna, akainamisha kichwa na kunyamaza. Nikamuuliza, "Huna salamu wewe?" Akazidi kuinama. Wakati wa mapumziko mlinzi wa shule alinifuata, huku akijizuia kucheka: "Mwalimu, yule alikuwa anakusalimia. Alisubiri umguse utosini." Ndivyo mtoto wa Kimaasai anavyomwamkia mkubwa.

Cheti ninacho. Saikolojia ya mtoto nilisoma, falsafa ya elimu nilisoma, zana nimechora hadi vidole vikaota sugu. Lakini BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, nilifanyia shule iliyo jirani na chuo, kwa watoto waliozaliwa na Kiswahili mdomoni. Hakuna mkufunzi aliyenidokeza kwamba nitakutana na mtoto anayehesabu kwa ishara za mkono, kila namba na ishara yake, nami nidhani anachezea vidole. Wala kwamba wapo wanaofika darasa la kwanza na Kimaasai peke yake, na KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) inawasubiri kwa Kiswahili asubuhi hiyo hiyo.

Kiswahili kufundishia sina ugomvi nacho. Nchi ina makabila zaidi ya 120. Bila Kiswahili mimi na yule mlinzi tungeongea kwa mikono. Ugomvi wangu ni kumpeleka mwalimu mgeni mikono mitupu, halafu matokeo yakiwa mabaya tuwalaumu wafugaji kwamba hawapendi shule.

Naomba vyuo vimpeleke kila mwanachuo walau BTP moja mbali na kwao, kwa wafugaji au visiwani kwa wavuvi, hata kama nauli itauma. Na halmashauri nazo: niliporipoti nilielekezwa kujaza fomu za mshahara, basi. Mwalimu mpya aanze kwa wiki moja pembeni ya mwalimu mwenyeji, aende naye hadi bomani kwa wazazi. Hilo halihitaji semina ya hotelini. Linahitaji mwalimu mkuu atakayekubali vipindi vya mgeni vishikwe na wengine kwa siku tano.

Mwalimu wa darasa la kwanza,
Manyara