Kozi ya Kuzamia Safarini: Anza Kuhesabu na Ndege ya Kurudi

Anayetaka kuunganisha likizo na kozi ya uzamiaji kwa kawaida hutuuliza afike lini. Nasi humuuliza kwanza: ndege ya kurudi inaondoka siku gani, saa ngapi? Ratiba yote hupangwa kutoka hapo, kinyumenyume.

Sababu ni nitrojeni. Ukiwa chini ya maji unapumua hewa yenye mgandamizo mkubwa, na nitrojeni iliyomo huyeyuka katika damu na tishu. Kutoka kwake ni polepole, huchukua saa nyingi. Nayo hewa ndani ya ndege hupunguzwa mgandamizo, hata ikafanana na ya mlima wa mita 2,400 hivi. Ukipanda mapema, nitrojeni iliyobaki inaweza kugeuka mapovu mwilini, na huo ndio ugonjwa wa mgandamizo. Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na angalau saa 18 ukiwa umepiga mbizi kadhaa au za siku mfululizo. Sisi hupanga saa 24, maana boti huchelewa. Matembezi ya milimani siku ya mwisho nayo ni kupanda juu. Wengi hulisahau hilo kwa kuwa hawaendi na ndege.

Sasa hesabu siku za kozi yenyewe. Cheti cha kwanza cha PADI, shirika linalofundisha uzamiaji na kutoa vyeti, huitwa Open Water Diver na kina sehemu tatu: nadharia, mazoezi ya bwawani au kwenye maji tulivu, na mbizi 4 za baharini au ziwani, kina cha mwisho mita 18. Mbizi hizo 4 haziruhusiwi kumalizwa siku moja. Ukianzia sifuri ukiwa safarini, tenga siku 3 hadi 4 za masomo, siku moja ya akiba kwa upepo na mawimbi, na siku kavu, isiyo na mbizi, kabla ya ndege. Likizo ya siku 5, ukihesabu humo siku za kufika na kuondoka, haitoshi, hata ukikuta kituo kinachokuahidi kwamba itatosha.

Kwa likizo fupi tunashauri ugawe kozi. Soma nadharia kwenye intaneti, fanya ya bwawani nyumbani, kisha upige zile mbizi 4 huko uendako. Kwa PADI, karatasi za uhamisho wa mafunzo hutumika kwa miezi 12 tangu sehemu ya mwisho uliyomaliza. Kinachoharibu mpango huu mara nyingi ni makaratasi: ukurasa haukusainiwa na mwalimu, au kituo kinafundisha kwa mfumo wa SSI, shirika jingine la vyeti, na hakikuulizwa mapema kama kinapokea mwanafunzi aliyeanzia PADI. Uliza kwa maandishi kabla ya kulipa. Na usikubali pengo la miezi 10 kati ya bwawa na bahari. Karatasi itakuwa bado hai, lakini mikono imesahau kutoa maji ndani ya miwani na kurudisha regyuleta, kifaa cha kupumulia, mdomoni. Mwalimu mpya akikupima tena kwanza, usione amekudharau. Afadhali huyo kuliko asiyekupima.

Fomu ya afya ina maswali 10. Jibu la "ndiyo" kuhusu pumu, moyo, upasuaji au dawa unazotumia linaweza kudai saini ya daktari kabla hujaingia majini, na mwalimu hana mamlaka ya kulipuuza. Ijaze mwezi mmoja kabla, si asubuhi ya siku ya kwanza ukiwa kisiwani ambako daktari yuko mbali. Kuna pia jaribio la kuogelea: mita 200 bila kusimama, au mita 300 ukiwa na miwani, mapezi na mrija, kisha kuelea dakika 10. Hakuna anayekupima kwa saa, lakini asiyeogelea hawezi kujifunzia hapo hapo.

Masikio ndiyo huvuruga ratiba kuliko papa wote wanaoogopwa. Kutoka juu hadi mita 10 mgandamizo huongezeka maradufu, kwa hiyo taabu huwa mita za mwanzo. Zibua masikio kila mita, kabla hayajauma. Yakikataa, panda kidogo ujaribu tena. Usilazimishe, kiwambo cha sikio kinaweza kupasuka. Ukiwa na mafua, usizame. Dawa ya kufungua pua inaweza kuisha nguvu ukiwa chini, hewa ikanaswa, na maumivu yakaja wakati wa kupanda. Ile siku ya akiba ni ya mafua pia.

Mitungi, jaketi ya kuelea na regyuleta kodisha hukohuko. Kitu kimoja tu tunasema ununue: miwani. Iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kwa pua. Ikibaki imeshika, inakufaa. Kioo kipya kisugue kwa dawa ya meno kuondoa utando wa kiwandani, la sivyo kitajaa ukungu kila mara. Betri za akiba za lithiamu za tochi na kamera zisafiri kwenye begi la mkononi.

Wengine hutaka kuunganisha na cheti cha pili, Advanced: mbizi 5, ikiwemo ya kina kirefu na ya dira, siku 2 au zaidi. Kama huna siku 9 au 10, usiunganishe. Siku zilizobaki zitumie kwenye mbizi za kawaida ndani ya mita 18, hadi uweze kuelea bila kukanyaga matumbawe.

Mwisho, bima. Bima nyingi za safari huweka kikomo cha kina, au hudai uwe na cheti tayari, ambacho mwanafunzi hana. Uliza mambo mawili: je, inamlipia anayejifunza, na je, inalipa matibabu ya chemba ya mgandamizo, yaani chumba cha kutibia ugonjwa wa mgandamizo, pamoja na usafiri wa kufika huko?