Ndevu za ua la mkrismasi

Tanga, Desemba

Shoga yangu kipenzi,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mama anakusalimu na anauliza utakuja lini.

Umeniuliza ile picha ya ua la mkrismasi niliyokutumia nimeigeuza mchoro kwa programu gani, ili nawe uyafanye hivyo maua yako. Nilitaka kukujibu kwa neno moja, nikaona nitakuwa nimekudanganya. Programu ilikuwa sehemu ndogo ya kazi.

Picha ya kwanza niliipiga saa saba mchana, jua la utosi. Ua likatoka wekundu mtupu, halina mshipa wala kunjo, kama kitambaa kilichochovywa kwenye rangi. Kila doti ya picha ya simu hubeba nyekundu, kijani na buluu, na kila moja huhesabiwa toka 0 hadi 255. Kwa ua kama lile, nyekundu hugonga 255 mapema, hata kama picha yenyewe huioni kuwa na mwanga mwingi. Ikishagonga hapo, alama ndogondogo za petali zimekwenda, na hakuna madoido ya kompyuta yatakayozirudisha. Kesho yake nikatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikaligusa ua kwenye kioo cha simu na kuushusha mwanga mpaka majani ya nyuma yakawa meusimeusi. Hapo ndipo nikaliona: petali nne zimetanda, na ile ya tano imesimama, nyeupe inayoingia manjano, ina michirizi myekundu kama imechanjwa kwa wembe.

Nikaifungua kwenye GIMP, ile programu ya bure ya kuhariri picha, nikaweka kichujio cha rangi za mafuta, yaani doido linaloifanya picha ionekane imepakwa kwa brashi. Nikaipenda mno. Nikaenda kuichapisha kubwa, nikamtundikia mama sebuleni. Akaitazama kimya, kisha akauliza, "Ndevu zake ziko wapi?"

Moyo ulinishuka. Stameni zote 10, zile nyuzi ndefu za katikati ya ua, zilikuwa zimemezwa, na mimi sikuona.

Nikatafuta sababu. Kichujio kile hupita doti kwa doti, hutazama zilizoizunguka, huhesabu mng'ao upi umejitokeza mara nyingi zaidi, kisha doti ile huipa rangi ya hao walio wengi. Basi ni kura. Petali ina watu wengi. Stameni ni uzi, itashinda wapi? Ukiongeza upana wa brashi ndiyo unaimaliza kabisa. Nawe wajua ndevu zile kwetu ni nini: majogoo wa kupiganisha. Nani alikuwa akinikatia vichwa vya majogoo wangu chini ya mti wa uwanjani, ukinasa stameni yako kwenye yangu na kuvuta? Ua la mkrismasi lisilo na majogoo si lile letu.

Sasa linalofuata ni lako hasa, wewe unayeshinda chumba cha eksirei. Kipo kichujio kingine kiitwacho Kuwahara, kwa jina la Mjapani aliyekitunga na wenzake. Walikitoa mwaka 1976 kwa ajili ya picha za moyo wa mgonjwa, zile zinazopigwa kwa dawa ya mnururisho, ambazo hutoka na chengachenga nyingi. Chenyewe huzunguka kila doti kwa miraba minne, huchagua mraba uliotulia kuliko mingine, yaani ule ambao doti zake zinakaribiana zaidi, na kuchukua wastani wa huo peke yake. Kwa hiyo chenga hulainika, lakini kingo hubaki kali. Kilichotungwa kwa ajili ya moyo kikaja kufanya petali zionekane zimepakwa kwa mkono! Nilikikuta ndani ya G'MIC, nyongeza ya bure ya GIMP.

Nacho ukikizidisha kinakula nyuzi. Kwa hiyo niliweka tabaka mbili: chini picha ya asili, juu ile iliyopakwa, halafu nikaitoboa ya juu kwa brashi laini nikifuata stameni moja baada ya nyingine. Ilinila Jumapili nzima. Zile programu za simu zinazobandika mtindo wa mchoraji maarufu kwa mguso mmoja sizipendi. Mkrismasi, waridi na bogenvilia hutoka zote uso mmoja.

Picha mpya ipo ukutani. Mama alisogea karibu, akahesabu kwa kidole.

Basi anza na asumini ya mlangoni kwako. Nyeupe ni ngumu vilevile, maana hugonga 255 kwa rangi zote tatu, kwa hiyo ipige magharibi inapoanza kufunguka, na ushushe mwanga kuliko unavyodhani inafaa. Usiiguse kwa madoido yoyote. Nitumie kwa WhatsApp kama faili, si kama picha, maana ikienda kama picha inabanwa na kupoteza ubora. Nitakufanyia nakala moja, nyingine ufanye mwenyewe, kisha tuziweke pamoja tuzitazame.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Shoga yako