Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Utafiti wa moyo na saratani za damu umfuate mgonjwa Tanga

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUFANYA UFUATILIAJI WA MSHIRIKI MKOANI KWAKE KUWA SHARTI LA KIBALI CHA UTAFITI WA TIBA

Mheshimiwa Waziri, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteknolojia wa maabara mstaafu, mkazi wa Ngamiani, jijini Tanga. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliitumia kwenye darubini nikisoma vioo vya damu kutafuta vimelea vya malaria, na mara mojamoja kioo kilionesha jambo jingine kabisa: chembechembe nyeupe nyingi kupita kiasi, changa, ambazo hazikupaswa kuonekana nje ya uboho. Mgonjwa wa namna hiyo aliandikiwa rufaa ya Dar es Salaam, na kwa upande wetu habari zake ziliishia kwenye karatasi hiyo ya rufaa.

Ombi langu ni moja. Kila utafiti wa tiba ya magonjwa makubwa ya moyo au saratani za damu unaoombewa kibali nchini, na unaomtaka mshiriki arudi kliniki mara kwa mara, uoneshe katika maombi yake namna mgonjwa anayetoka mkoani atakavyofuatiliwa katika hospitali ya rufaa ya mkoa wake. Maombi hayo hupita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kwa upande wa maadili na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa upande wa dawa, na taasisi zote mbili ziko chini ya Wizara unayoiongoza. Nadhani mwongozo tu unatosha kuanzia.

Mkoa huu si mgeni wa utafiti. Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa miongoni mwa vituo vya AQUAMAT, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 baada ya kuhusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, ambao ulionesha kwamba katika malaria kali sindano ya artesunate huokoa watoto wengi zaidi kuliko kwinini: waliofariki walikuwa asilimia 8.5 kwa dawa ya kwanza na asilimia 10.9 kwa ya pili. Hospitali hiyohiyo ilishiriki FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, ambao uliwashangaza mabingwa kwa kuonesha kwamba kumwongezea haraka maji ya mshipani mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko, jambo lililokuwa likifundishwa kama msingi wa huduma ya dharura, kuliongeza vifo. Korogwe nayo, pamoja na wenzetu wa Bagamoyo, ilikuwa kituo cha majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwaka 2021.

Nayataja haya kwa sababu yanafundisha jambo kuhusu umbali. Katika AQUAMAT na FEAST mtoto alikuwa kitandani wodini, na jibu kuu lilipatikana ndani ya siku chache. Chanjo ilihitaji ufuatiliaji wa miaka kadhaa, na uliwezekana kwa kuwa wafuatiliaji walikaa Korogwe kwenyewe. Moyo na saratani ya damu ni magonjwa ya miaka. Mtu wa Lushoto anayetakiwa kufika Dar es Salaam kila baada ya wiki kadhaa hushuka hadi Mombo, hutafuta basi, hufikia kwa ndugu, na akikosa nauli mara mbili huandikwa kuwa amepotea. Wanaobaki katika hesabu ni wale wa karibu na wenye uwezo, kisha matokeo yao huja kutumika kutuandikia dawa sisi sote.

Kwamba matokeo ya watu wa kundi moja yanaweza kulipotosha kundi jingine, moyo umeshatoa ushahidi. Wagonjwa ambao valvu zao za moyo ziliharibiwa na homa ya rumatiki, na ambao mapigo ya moyo yamevurugika, huhitaji dawa ya kuzuia damu kuganda. Wengi walitarajia kwamba rivaroxaban, dawa mpya isiyohitaji kipimo cha damu cha mara kwa mara, ingefanya kazi vizuri kama warfarin ya zamani, kwa kuwa ilikuwa imefaulu kwa wagonjwa wa aina nyingine. Utafiti wa INVICTUS, uliofanyika katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini na kuchapishwa mwaka 2022, ulikuta kinyume chake: waliotumia dawa ya zamani walifariki wachache zaidi. Jibu hilo linatuachia kazi ya mkoani hasa, kwa sababu warfarin bila kipimo cha kuganda kwa damu ni hatari, na kipimo hicho lazima kiwe karibu na mgonjwa.

Uganda walitangulia kuonesha inavyowezekana. Katika utafiti wa GOAL, watoto 818 wa kaskazini mwa nchi hiyo, waliogunduliwa kwa kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kuwa na dalili za mwanzo za ugonjwa huo wa moyo wa rumatiki, waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likachomwa sindano ya penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili. Ugonjwa uliendelea kwa watoto 3 katika kundi la sindano na kwa watoto 33 katika kundi lisilochomwa. Penisilini, Mheshimiwa, dawa ambayo kila zahanati inaijua! Lakini sindano za kila wiki nne kwa miaka miwili zisingewezekana kama watoto wale wangetakiwa kusafiri hadi Kampala.

Kwa saratani za damu historia yenyewe ilianzia hospitali za pembezoni. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya za watoto, ambao ni aina ya limfoma, yaani saratani ya chembechembe nyeupe za damu, kisha akatuma maswali kwa hospitali za nchi nyingi za Afrika na mwaka 1961 akasafiri kwa gari na madaktari wenzake wawili kilomita zipatazo 16,000 kuuliza wapi uvimbe huo unaonekana na wapi hauonekani. Ramani aliyoipata ilionesha kuwa hauonekani kwenye miinuko yenye baridi, na ugonjwa huohuo ndio uliowawezesha wanasayansi mwaka 1964 kuona kirusi cha Epstein-Barr. Hapa kwetu, mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto wa North Mara walipewa klorokwini ili kujua kama kupunguza malaria kungepunguza saratani hiyo. Jibu halikuwa wazi, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua kabla ya dawa kugawiwa. Na hata hilo lilijulikana kwa kuwa wagonjwa wa wilaya ile walikuwa wakiandikwa. Tanga ina pwani yenye joto na ina milima ya Usambara, na ingefaa kulijibu swali la namna hiyo kama ingekuwa na rejista.

Vifaa vingine tunavyo tayari. Mashine za GeneXpert tunazopimia kifua kikuu zina kipimo cha kufuatilia saratani ya damu aina ya CML, ambayo tangu mwaka 2001 ina dawa ya kumeza, imatinib, na ambayo katika mwaka wa kwanza wa tiba hupaswa kupimwa kila baada ya miezi mitatu. Kinachokosekana ni katriji zake na mtu aliyefundishwa. Kipimo cha eko nacho kingewafaa wagonjwa wa pande zote mbili, kwa kuwa doxorubicin, dawa nyekundu inayotumika sana kutibu limfoma, huweza kuudhoofisha moyo kadiri dozi zinavyojumlishwa, wakati mwingine miaka baada ya mgonjwa kuambiwa amepona. Kwa anayefuatiliwa kwa saratani pekee, madhara hayo ya moyo hayataonekana.

Najua wafadhili watalalamikia gharama na ubora wa takwimu. Gharama ipo, ila ni wao wanaotaka matokeo yanayotuhusu, na ubora hujengwa kwa mafunzo na ukaguzi, kama ilivyofanyika Korogwe. Kwa upande wetu, watu wa pwani bado wanasikia habari za mumiani kila anapotokea mgeni mwenye sindano, na sitawalaumu. Mtu akichukuliwa damu na watu waliokuja asubuhi na kuondoka jioni, asielezwe kamwe kilichopatikana, hofu yake ina msingi. Mtafiti anayelazimika kumwona mshiriki huyo Bombo, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, kila mwezi, na kumweleza kabla hajatia sahihi kama ataendelea kupewa dawa utafiti ukiisha, ataaminiwa zaidi kuliko mabango.

Naomba Mkoa wa Tanga uwe wa kwanza kujaribiwa kwa sharti hili, na kwamba rejista ya wagonjwa wa moyo na saratani za damu ifunguliwe Bombo kabla utafiti wowote haujaja, ikiandikwa na wahudumu waliopo, ili mtafiti akija aikute.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mteknolojia wa maabara mstaafu,
Ngamiani, Tanga.